Nyumba ya kazi na nyumba ya uzee: wazee wa miji ya shaba katika Katanga tangu 1910

Makala haya yanahusu swali ambalo historia ya miji yetu haijalipa nafasi kubwa: mtu aliyezeekea katika miji ya shaba aliishi wapi, na ni nani aliyemsaidia kuendelea kuishi nyumbani akiwa na afya na akiwa msemaji wa mambo yake mwenyewe? Vitabu juu ya Katanga si haba. Vinatueleza jinsi wafanyakazi walivyoandikwa, walivyolishwa, walivyopimwa na madaktari, walivyogoma na walivyopigwa risasi mwezi wa Desemba 1941. Mzee huonekana humo mara chache tu, na hapo huwa amekwisha kufunga mzigo, yu njiani kurudi kijijini.

Sisi si wanahistoria kwa mafunzo. Swali hili lilitujia kwa njia ya msamiati. Tulipokuwa tukikusanya maneno yahusuyo makazi katika Kiswahili cha Lubumbashi, tuligundua kwamba wazee waliofanya kazi migodini au katika reli hawaridhiki na neno "nyumba" peke yake. Husema "nyumba ya kazi", na husema "nyumba yangu", wala hawachanganyi. Mzee mmoja tuliyemwuliza amekaa nyumba ngapi katika maisha yake alihesabu kwa vidole: nyumba za kazi nne, nyumba yake moja. Hiyo moja aliipata alipokuwa amepita miaka sitini. Akaongeza kwamba ni katika hiyo tu ndimo alimojifunza kununua kufuli.

Jibu hilo limetuongoza katika utafiti wote. Kwa maoni yetu, uzee wenye heshima na afya katika miji yetu haukuharibiwa na umaskini peke yake. Uliharibiwa kwanza na mpango uliomweka mfanyakazi miaka thelathini katika nyumba isiyo yake, ukampa kila kitu humo isipokuwa amri juu ya nyumba hiyo. Ndiyo sababu historia ya uzee hapa ni lazima ianze na historia ya nyumba.

Kambi isiyokuwa na wazee

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa, na shaba ya kwanza ilimiminwa katika tanuri la Lubumbashi mwaka 1911. Katika miaka ile ya kwanza mfanyakazi alikuwa msafiri tu. Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kutafuta watu kilichoundwa mwaka 1910, kilimchukua kijijini kwake kwa mkataba wa miezi michache, kisha akarudi ikiwa magonjwa ya kambini hayakumwua. Uzee haukuwa swali. Mtu alichukuliwa kijana, akarudishwa kijana.

Mambo yaligeuka kuanzia mwaka 1927 na 1928. Kampuni ilikuwa imechoka kutafuta watu wapya mbali na kwa gharama kubwa, nayo ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wafanyakazi kuishi na wake zao na watoto wao. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia idara ya wafanyakazi Waafrika, ndiye aliyekuwa mtetezi mkubwa wa siasa hiyo, na mwaka 1946 alichapisha kitabu cha kuieleza. Wanafunzi wa historia wanaijua siasa hii kwa jina la stabilisation. Neno hilo la Kifaransa linatokana na wazo la kusimama imara, kutotikisika. Tungependa kuuliza: ni nani hasa aliyesimamishwa imara?

Tuiangalie nyumba ya kambi jinsi ilivyopangwa. Mama mjamzito alikuwa na zahanati yake. Mtoto mchanga alipimwa, aliyeachishwa ziwa alikuwa na kantini yake, na aliyekua alikuwa na shule. Baba alipata posho, yaani chakula kilichogawiwa kila juma, alipata dawa bure na maji safi, na chini ya mguu alikuwa na sakafu iliyokaguliwa. Yote haya yalikuwa kweli, na yalipunguza vifo. Asiyekubali jambo hili hatakubaliwa na wazee wenyewe, ambao hadi leo huvisimulia vitanda vya hospitali ya kampuni kama mtu anayesimulia arusi. Lakini katika mpango huo wote babu na bibi hawamo. Nyumba ilihesabiwa kwa mume, mke na watoto. Mgeni hakulala kambini bila ruhusa ya mkuu wa kambi, hata kama mgeni huyo ni mama mzazi wa mwenye nyumba aliyetoka Lomami kuja kuwaona wajukuu. Afya ya kambi ilikuwa afya ya mtu anayefanya kazi na ya mtu atakayefanya kazi kesho. Aliyekwisha kufanya kazi hakuwa na ukurasa katika daftari.

Ukweli huo ulijionyesha upesi. Bei ya shaba ilipoanguka kuanzia mwaka 1930, kampuni iliwaachisha kazi maelfu ya watu, na wengi waliokuwa wameitwa wakazi walijikuta ndani ya magari ya moshi wakirudishwa walikotoka. Hapo ndipo watu walipofahamu maana ya nyumba ya kazi: kazi ikiisha, nyumba imekwisha. Wale waliodumu kazini baada ya hapo waliishi na ujuzi huo. Tunafikiri ndiyo asili ya tabia moja ambayo wageni huishangaa, ya mfanyakazi wa zamani kutopanda mti wa matunda katika uwanja wa nyumba ya kambi. Mwembe huchukua miaka kabla ya kuzaa, na mtu hupanda akijua kwamba yeye ndiye atakayekaa kivulini.

Jambo jingine la kambi linahusu zaidi somo letu. Mfanyakazi hakuamua ale nini, kwa kuwa posho iliamuliwa, wala hakuchagua nani alale kwake. Hakutengeneza paa, maana mafundi wa kampuni walikuja. Hakutafuta dawa, maana kuitafuta dawa nje kulitazamwa kwa jicho baya. Huu ni msaada, na ulikuwa msaada mkubwa, lakini ulimzoesha mtu kuishi bila kuyashika mambo ya nyumba yake. Mke wake alikuwa na shamba dogo nje ya kambi au biashara yake ndogo, na kwa hiyo alibaki na ujuzi ambao mume aliupoteza. Tutaona baadaye jinsi tofauti hii ilivyofanya kazi wakati wa uzee.

Kiwanja na pensheni

Nje ya kambi palikuwa na maisha ya namna nyingine. Mwaka 1932 utawala wa kikoloni uliunda Centre extra-coutumier ya Elisabethville, yaani mji wa Waafrika wasiokuwa chini ya kampuni wala chini ya machifu. Kamalondo na Kenya zilikuwa mitaa ya namna hiyo, na baada ya vita ikafuata Katuba, kisha Ruashi. Ferdinand Grévisse, mtawala aliyeusimamia mji huo na kuuandikia kitabu mwaka 1951, anakumbukwa kwa mpango wa mikopo uliowawezesha wenyeji kujijengea. Mwaka 1952 serikali iliunda pia Ofisi ya Miji ya Waafrika, OCA kwa ufupi wa Kifaransa, ambayo ilijenga nyumba na kuziuza kwa malipo ya polepole. Nyumba hizi hazikuwa bora kuliko za kambi. Maji yalikuwa mbali na barabara ilikuwa vumbi. Lakini mwenye kiwanja aliweza kuongeza chumba, kumpokea mama yake, kufuga kuku na kumpangisha mtu.

Watu wa kambi waliwadharau watu wa mitaa kwa kukosa posho. Watu wa mitaa waliwacheka watu wa kambi kwa kukaguliwa vyungu. Ni masimulizi ya utani, lakini ndani yake kuna namna mbili za kuzeeka. Fundi cherehani wa Kenya alipopungukiwa macho aliendelea kuishi pale pale, akipokea kodi ya vyumba viwili na kuwatazama wajukuu wakiteka maji. Mchimbaji wa kambi aliyelingana naye kwa umri alifunga mizigo.

Pensheni ilichelewa. Dekreti ya kuwapa wafanyakazi Waafrika wa Kongo pensheni ya uzee ilitoka mwaka 1956 tu, yaani nusu karne baada ya kuundwa kwa Union Minière. Baada ya uhuru, dekreti-sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliunganisha pensheni, posho za watoto na malipo ya ajali za kazini katika taasisi moja, Institut National de Sécurité Sociale, ambayo kila mzee wa Lubumbashi anaijua kwa herufi zake nne, INSS.

Hapa mwanaisimu aruhusiwe kuweka neno. Kiswahili sanifu kina kitenzi "kustaafu", kilichotoka katika Kiarabu, chenye maana ya kuomba kuondolewa wajibu. Kwa asili yake kitenzi hicho humfanya mfanyakazi kuwa mtendaji: ndiye anayeomba kupumzika. Katika Kiswahili cha miji yetu kitenzi hiki hakikuingia. Tulichukua neno la Kifaransa pension, na mtu husema ameenda katika pension, kana kwamba ni mahali. Hatutaki kulitwisha neno mzigo lisioweza kuubeba. Hata hivyo, mtu anayekwenda mahali huacha mahali pengine, na alichokiacha mzee wa kambi kilikuwa kitanda chake, majirani wake, zahanati yake na kanisa lake.

Kundi jingine halisahauliki, la watumishi wa majumbani. Waliishi katika vijumba vya nyuma ya nyumba za Wazungu, nazo zilikuwa nyumba za kazi kuliko zote, maana bwana akihama, mtumishi alihama pia. Ni jambo la kutafakari kwamba maandishi mashuhuri kuliko yote ya historia yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha mji huu, Vocabulaire ya mji wa Elisabethville ya mwaka 1965, yalitungwa na André Yav kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani. Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990, na wanafunzi wetu huyasoma kwa ajili ya sarufi yake. Yasomwe pia kama kazi ya watu waliokuwa wanazeeka, waliozitunza nyumba za wengine muda wote wa nguvu zao, na ambao katika uzee waliona ni lazima waandike kwamba mji huo ni wao nao.

Faranka moja kwa zaire bilioni 300

Kampuni ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, na baada ya miaka michache ikaitwa Gécamines. Siasa ya nyumba haikubadilika sana. Serikali ilichukua nafasi ya Wabelgiji, na usemi wa kwamba kazi ndiyo baba na kazi ndiyo mama ukabaki na nguvu zake. Mwanahistoria wa Lubumbashi Donatien Dibwe dia Mwembu ameyaandika maisha ya familia hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, na kichwa chake chaanza kwa maneno ya Kiswahili chetu, "Bana Shaba", yaani watoto wa shaba, ambao baba yao amewatupa. Neno "watoto" hapa lina ukali wake. Mtu mwenye mvi aliitwa mtoto wa kampuni, na hakuudhika.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwezi wa Oktoba 1991 Lubumbashi iliporwa kama Kinshasa ilivyoporwa kabla yake. Tarehe 16 Desemba ya mwaka huo huo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni zake kuhusu watu wazee, na mojawapo inasema kwamba mzee aweze kukaa nyumbani kwake kwa kadiri inavyowezekana. Ni kanuni nzuri. Hapa kwetu maduka yalikuwa matupu, na mkebe wa dawa wa zahanati ulikuwa mtupu vile vile.

Mzee mwenye pensheni alipatwa na msiba wa hesabu. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 faranka ya Kongo moja ikabadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Atakayezidisha ataona kwamba faranka moja ya mwaka 1998 ilikuwa na zaire za zamani bilioni 300. Mfanyakazi aliyekatwa mshahara kila mwezi tangu miaka ya sitini kwa ajili ya uzee wake alikuwa ameweka akiba kwa fedha ambayo haikuweza tena kununua kiberiti. Wazee waliacha kwenda kuzichukua, maana nauli ilizidi malipo. Nyanya yetu mzaa baba, mjane wa mfanyakazi wa reli, alikihifadhi kitabu cha pensheni katika sanduku pamoja na nguo za arusi, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Miaka hiyo hiyo, kati ya 1992 na 1994, maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko katika jimbo. Tunaligusa jambo hili kwa kuwa kulikwepa kungekuwa uongo. Miongoni mwao walikuwamo wazee waliozaliwa kambini na watoto wa watu walioletwa na kampuni yenyewe, na waliambiwa warudi nyumbani. Walingoja treni kwa majuma katika vituo vya reli, na wako waliofia humo. Nyumbani walikoelekezwa wengine hawakuwahi kukuona. Nyumba ya kazi haikuwapa haki ya kuwa wenyeji, ingawa walikuwa wameikalia vizazi viwili.

Mwaka 2003

Ilipofika mwaka 2003 shaba ya Gécamines haikufika tani 20,000, na mishahara ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi sana. Hapo ndipo ulipotekelezwa mpango ulioitwa départs volontaires, yaani kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Waliolengwa ni wafanyakazi wenye miaka 25 ya kazi au zaidi, na walioondoka walikuwa 10,655. Kila mmoja alipewa kitita kimoja, na uhusiano wake na kampuni ukakatwa. Kuhusu hiyo hiari wahusika wana maoni yao. Waliunda umoja wa kudai kilichobaki, na madai hayo yaliendelea miaka mingi baadaye. Benjamin Rubbers wa Chuo Kikuu cha Liège amewachunguza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya siasa ya kibaba ya kampuni.

Sisi tunataka kuonyesha upande mmoja tu wa tukio hilo. Aliyeanza kazi akiwa na miaka ishirini hakuwa chini ya miaka arobaini na mitano mwaka 2003. Hakuwa mzee bado, lakini hakuna aliyemwandikia kazi tena. Na leo hii yeye ni mzee kweli kweli. Hivyo, mwaka 2003 haukuwa tu mwisho wa ajira ya watu elfu kumi. Ulikuwa mwanzo wa kizazi kizima cha watu waliotakiwa kuingia katika uzee bila posho na bila hospitali ya kampuni, na ambao hawakuwahi kufundishwa kuishi bila vitu hivyo. Kampuni ya zamani ilitoa msaada bila kumwachia mtu amri juu ya nyumba yake. Mpango wa 2003 ulimwachia amri yote bila msaada wowote. Kati ya njia hizo mbili hakuna aliyeijaribu ya tatu.

Fedha zile ziliishaje? Jibu la haraka, ambalo husikika hata katika vyumba vya walimu, ni kwamba zililiwa: wake wapya, magari mabovu, pombe. Tuliowahoji hawakatai kwamba wako waliofanya hivyo. Lakini kitita kilikuwa na wengi waliokingoja. Kulikuwa na madeni ya chakula ya miezi yote ile isiyolipwa, karo za watoto watano au sita, mgonjwa, na mazishi. Aliyebakiwa na fedha akazitia katika biashara ya unga au lori alikuwa mchimbaji, si mfanyabiashara, akashindwa na walioanza zamani. Aliyefaulu, kwa kadiri tulivyoona, ni yule aliyeziweka katika matofali. Tunasema matofali kwa maana yenyewe: aliyenunua kiwanja, au aliyeshika nyumba ya kambi kwa hati akaongeza vyumba viwili uani. Huyu leo anakula kodi ya vyumba, naye ni mwenye nyumba.

Tofauti tuliyoitaja ya mume na mke ilijitokeza wakati huo. Katika nyumba nyingi mwanamke ndiye aliyejua tayari kuishi bila orodha ya kampuni. Alikuwa na shamba la mahindi na mihogo kando ya mji, alijua bei ya makaa na ya dagaa, na alikuwa katika likelemba, ule mchango wa zamu ambao kila juma humfikia mwanachama mmoja. Wanaume waliokubali kujifunza kutoka kwa wake zao walipona. Waliokaa kwenye kiti mlangoni wakingoja kuitwa tena kazini walianza kuugua, nasi hatuamini kwamba ilikuwa bahati mbaya tu. Mzee mmoja alituambia kwamba ugonjwa wake ulianza siku alipokosa sababu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri.

Namna ya kumsaidia mzee bila kumpokonya nyumba

Tumewatembelea wazee wa namna hii katika mitaa mitatu ya Lubumbashi, bila kudai kwamba tumefanya uchunguzi wa daktari. Magonjwa yao ni yale yanayojulikana: msukumo wa damu, kisukari, viungo, mtoto wa jicho, na kifua kwa walioshinda katika vumbi la mawe na la tanuri. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomhitaji mzee alale hospitalini mwaka mzima. Yanahitaji kidonge kisichokatika na mtu wa kupima damu karibu na nyumbani. Hapo ndipo penye shida. Zahanati ya kampuni ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa mguu, na dawa ilitolewa bila malipo kila mwezi. Siku hizi mzee hununua vidonge vya siku tano, huvimaliza, hujisikia vizuri, huacha. Kisha siku moja mkono na mguu wa upande mmoja hukataa kusogea, na tangu siku hiyo hawezi tena kukaa peke yake. Ukosefu wa kidonge cha bei ndogo umezaa haja ya mtu mzima wa kumwosha na kumlisha.

Mambo mengine ni madogo mno hata hayaingii katika taarifa za miradi. Choo kiko nje, umeme umekatika, mvua imenyesha, na mzee anatoka usiku. Familia moja ilipigilia kamba nene toka mlango wa nyuma hadi chooni, apite akiishika. Nyingine ilisawazisha kizingiti kwa saruji ndoo moja. Maji ya bomba hutoka usiku wa manane, na ndoo ya lita ishirini haibebwi na mtu wa miaka themanini; jirani kijana huijaza, naye hulipwa kwa parachichi au kwa kufundishwa hesabu. Bukari na sombe humfaa mzee, lengalenga na matembele humfaa zaidi, chumvi kidogo. Kila mama wa mtaani anajua haya. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kula naye, kwa maana anayekula peke yake huacha kupika.

Lakini kuna msaada unaodhuru, na hapa watoto wenye mapenzi mema hukosea sana. Huja kutoka Kinshasa au ng'ambo, humwona baba akilima bustani na mgongo umepinda, humpokonya jembe kwa huruma. Humhamishia katika chumba cha ndani cha nyumba ya mtoto, humwajiria msichana wa kazi, humwambia apumzike. Nyumba yake hupangishwa kwa faida ya ukoo. Kiswahili hutofautisha kulea na kutunza. Mtoto hulelewa, mzee hutunzwa, kama kitu cha thamani kinavyotunzwa. Wengine huwalea wazazi wao. Tumemwona mtu aliyesimamia wachimbaji arobaini akiomba ruhusa ya kwenda kanisani. Alikuwa ameshiba, amevaa vizuri, na alikuwa amerudi katika nyumba ya kazi, ingawa safari hii bwana mkubwa alikuwa mwanawe.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mzee haki ya hatua maalumu za kumlinda kulingana na mahitaji yake ya mwili, akili na utu. Sheria ya mwezi wa Julai 2016 imerekebisha utaratibu wote wa pensheni, na INSS imekuwa CNSS. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mwaka huo huo wa 2016 mkataba juu ya haki za wazee. Tunayasoma maandishi hayo kwa heshima. Hata hivyo, pensheni humfuata aliyekuwa na mshahara ulioandikwa, na katika Katanga ya leo wachimbaji wa mikono, wauza unga na waendesha pikipiki hawakuandikwa popote. Kampuni mpya za shaba na kobalti hazijengi kambi kama zile za zamani, na nyingi kati ya kazi zake hutolewa kwa mikataba mifupi kupitia mawakala. Kijana wa Kolwezi wa leo kwa namna fulani amerudi mwaka 1920: anachukuliwa kijana, anarudishwa kijana.

Tulimwuliza mjane mmoja wa Katuba, aliyepita miaka themanini, ni nini kinachomwezesha kukaa peke yake. Mume wake alinunua kiwanja hicho kwa mkopo kabla ya uhuru, akachekwa na wenzake wa kambini kwa kuhamia katika vumbi. Mama huyo hakutujibu mara moja. Aliingia chumbani, akarudi na bahasha ya plastiki, akatuonyesha karatasi ya kiwanja yenye muhuri wa wakati ule, imekunjwa mara nne. Kisha akamwita mpangaji wake wa chumba cha pili, muuguzi kijana, aje kumpima damu kama afanyavyo kila Jumamosi, kwa kuwa sehemu ya kodi hulipwa kwa njia hiyo.